Marafiki Waliokosana Wanapofungua Bekari Pamoja



Katika somo letu la leo tunatazama jambo ambalo paroko yeyote huletewa mapema au baadaye, na ambalo wazee wa jumuiya ndogo ndogo huwa wanalitolea hukumu haraka mno. Watu wawili wamekua mtaa mmoja, wamekaa dawati moja shule ya msingi, wamepokea Komunyo ya Kwanza siku moja. Wakaja kukosana ukubwani, tuseme kwa sababu ya fedha, maana mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Miaka kumi hawasalimiani. Mmoja akitokea kanisani mlango wa kulia, mwingine hutafuta wa kushoto. Kisha msiba wa mzazi unawakutanisha. Wanalia pamoja, wanaombana radhi. Tanga halijaanuliwa vizuri, tayari wana wazo: mmoja amefanya kazi ya kuoka mikate miaka mingi, mwingine ana fremu barabarani na akiba kidogo benki. Wafungue bekari.

Hapo ushauri hugawanyika. Wapo wanaoshangilia: wagombanao ndio wapatanao, tena Mungu atukuzwe. Wapo wanaotikisa kichwa: hawa waliachana kwa ajili ya fedha, na sasa wanarudiana kwa ajili ya fedha. Sisi tunaosoma falsafa tunaona pande zote mbili zimeruka hatua. Hakuna aliyeuliza wawili hawa wanarudi kwenye urafiki wa aina gani, wala ni kitu gani hasa kiliwatenganisha. Bila majibu hayo hatuwezi kuwaambia "fungueni" wala "acheni".

Tuanze na Aristotle. (Mafrateri wenzetu wa mwaka wa kwanza watatusamehe, jina hili wanalisikia asubuhi na jioni.) Katika Maadili ya Nikomako, kazi yenye vitabu kumi, ametumia vitabu viwili vizima, cha nane na cha tisa, kuzungumzia urafiki. Haki yenyewe ameipa kimoja. Anatenga aina tatu: urafiki wa manufaa, ambapo kila mmoja anampenda mwenzake kwa kile anachopata kwake, urafiki wa raha, ambapo wanapendana kwa sababu wanafurahishana, na urafiki wa wema, ambapo kila mmoja anamtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake huyo. Huu wa tatu ni adimu na unahitaji muda mrefu. Aristotle anakumbusha msemo wa Wayunani kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula pamoja kipimo kile cha chumvi kinachosemwa.

Urafiki wa watoto na vijana, kwa maoni yake, kwa sehemu kubwa ni wa raha. Hatuoni sababu ya kubisha. Tulicheza chandimu, tulicheza kombolela, tuliiba maembe pamoja. Rafiki alikuwa yule aliyefanya jioni iwe tamu. Raha hubadilika mtu anapokua, na urafiki uliosimama juu yake huyumba hata bila ugomvi. Kwa hiyo wawili wetu wakisema "tumerudi kama zamani", wanasema jambo lisilowezekana. Wale watoto wawili hawapo tena. Wanaokutana sasa ni watu wazima wenye wake au waume, watoto, ada za shule na tabia ambazo mwenzake hajawahi kuziona.

Lakini Aristotle hakuishia hapo, na kipande hiki cha kitabu cha tisa ndicho tunachokipenda kuliko vyote. Anauliza: rafiki wa zamani ambaye tumeachana naye, je, tumtendee kama mtu tusiyemjua kabisa? Anajibu kwamba hapana. Ikiwa mwenzako hakuharibika kwa uovu uliopita kiasi, ukaribu uliokuwapo unadai ukumbukwe, na kama tunavyowatendea marafiki vizuri kuliko wageni, vivyo hivyo waliokuwa marafiki wanastahili kitu fulani. Kwa hiyo kumbukumbu ina uzito wake. Haiurudishi urafiki wa zamani, lakini inatoa sababu halali ya kuanza mpya na mtu huyu badala ya mtu mwingine. Mwenye fremu angeweza kutafuta mwokaji yeyote mjini. Amemchagua huyu. Hilo si kosa la kibiashara, ingawa wapo watakaomwambia hivyo.

Sasa tuje kwenye kilichowatenganisha, maana hapa ndipo penye kazi kubwa.

Katika kitabu cha nane, sura ya kumi na tatu, Aristotle anasema malalamiko kati ya marafiki hutokea hasa kwenye urafiki wa manufaa. Kisha anaugawa huo wenyewe mara mbili. Upo ule wa masharti yaliyotamkwa: nakupa hiki, utanipa kile, siku fulani. Na upo ule usiotamka masharti: mtu anatoa kana kwamba anampa rafiki zawadi, lakini moyoni anatarajia kurudishiwa sawa au zaidi, kana kwamba alikopesha. Ugomvi unazuka kwa sababu jambo lilianza kwa mtindo mmoja na likataka kumalizika kwa mtindo mwingine.

Msomaji asome tena sentensi hizo akikumbuka mitaa yetu. "Chukua tu, sisi ni ndugu." Laki tatu imetoka mfukoni bila tarehe wala shahidi. Aliyepokea anaelewa kwamba amesaidiwa na atarudisha akijaliwa. Aliyetoa anaelewa kwamba amekopesha na atarudishiwa mavuno yakiuzwa. Hakuna mwongo kati yao. Miezi minane baadaye mmoja anasema ametapeliwa, mwingine anasema amedhalilishwa kwa kudaiwa kitu alichopewa, na wote wawili wanasema kweli kama kila mmoja alivyoielewa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini mara nyingi hapa hata hatuna hakika kama kulikuwa na kukopa.

Historia ya Kanisa inatupa mfano mzito wa jambo hili, tena kati ya watakatifu. Mt. Basili Mkuu na Mt. Gregori wa Nazianzo walifahamiana wakiwa wanafunzi Kaisarea ya Kapadokia, kisha wakasoma na kuishi pamoja Athene. Ulikuwa urafiki ambao Gregori aliuandika kwa maneno mazuri kuliko mengi yaliyotufikia kutoka zama zile. Mwaka 370 Basili akawa askofu wa Kaisarea. Muda mfupi baadaye Kaisari Valens aliigawa Kapadokia kuwa mikoa miwili, na askofu wa Tyana, Anthimo, akadai mamlaka juu ya mkoa mpya. Basili alihitaji maaskofu waaminifu kwake kwenye maeneo yanayogombaniwa. Mwaka 372 akamweka rafiki yake Gregori kuwa askofu wa Sasima, kituo kidogo cha njia panda ambacho Gregori mwenyewe alikieleza kuwa mahali pa vumbi na kelele za magari ya kukokotwa, pasipo maji wala majani.

Gregori hakulipokea jimbo lile kwa moyo; akarudi kumsaidia baba yake, aliyekuwa askofu wa Nazianzo. Kilichomuumiza si vumbi. Aliona ametumiwa. Basili aliona kwamba rafiki wa kweli angesimama pale anapohitajika bila kuulizwa mara mbili. Gregori aliona kwamba rafiki wa kweli asingewekwa kama kigingi cha mpaka. Ni ugomvi ule ule wa masharti yasiyotamkwa, safari hii kwenye kiti cha uaskofu badala ya laki tatu. Basili alipofariki, kwa hesabu ya kawaida mwaka 379, jeraha lilikuwa bado. Baadaye Gregori alitoa hotuba ndefu ya kumsifu marehemu, na ndani ya sifa zote hizo hakuficha kwamba jambo la Sasima lilikuwa bado linamchoma. Kanisa huwaadhimisha wote wawili siku moja, tarehe 2 Januari. Tunaona faraja katika hilo, lakini pia tunaona onyo: wawili wenye akili kubwa na sala nyingi walishindwa kusawazisha jambo ambalo mazungumzo ya wazi ya siku moja, kabla ya kuwekewa mikono, pengine yangelizuia.

Turudi kwenye bekari. Wale wawili wamesameheana msibani, na hatuna haki ya kuutilia shaka msamaha huo. Lakini msamaha na uaminiano ni vitu viwili. Msamaha naweza kuutoa leo, peke yangu, bure, hata mwenzangu asipostahili. Bwana wetu hakuweka kikomo chake kwenye mara saba. Uaminiano siwezi kuutoa kwa kuamua tu. Nauona ukikua au ukikataa kukua kwa kadiri mwenzangu anavyotenda. Anayedai "umenisamehe, basi niachie ufunguo wa droo ya fedha" amechanganya mambo. Na anayesema "sikupi ufunguo, kwa hiyo bado sijakusamehe" naye amejisumbua bure kwa hatia isiyo yake.

Kuna jambo la tatu ambalo huwa halisemwi kwenye vilio vya msibani: ile laki tatu. Iko wapi? Mt. Thoma wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 62, anafundisha kwamba kurudisha kilicho cha mwenzako ni tendo la haki kati ya mtu na mtu, na kwamba si hiari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalisema hilo hilo kwenye namba 2412, ikimkumbuka Zakayo. Kukumbatiana hakufuti deni. Deni hufutika kwa njia mbili tu: lilipwe, au mwenye mali aseme kwa kinywa chake kwamba ameliachilia. Hapa wawili wetu wana nafasi nzuri ambayo wengi hawana, kwa kuwa wanaanzisha mtaji. Waikalie meza ile laki tatu. Wakikubaliana ilikuwa mkopo, ihesabiwe kuwa sehemu ya mchango wa aliyeikopesha, na mwingine aanze akiwa na hisa pungufu kiasi hicho. Wakikubaliana ilikuwa zawadi, isemwe hivyo mbele ya mashahidi na isitajwe tena hata siku mauzo yakiwa mabaya. Wakishindwa kukubaliana ilikuwa nini, basi ushauri wetu ni kwamba wasifungue bekari. Waendelee kusalimiana, wazikane, waalikane arusi. Paulo na Barnaba walipotofautiana juu ya Marko (Mdo 15) kila mmoja alishika njia yake, na Injili iliendelea. Baadaye sana tunamwona Paulo akiagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa (2 Tim 4:11). Si kila upatanisho lazima uishie kwenye ubia.

Tuseme wamekubaliana. Je, bekari ni mahali pazuri pa watu wa namna hii? Tunaamini ndiyo, na tuna mfano.

Jijini Los Angeles, Marekani, Padre Gregory Boyle, Mjesuiti, alikuwa paroko wa Dolores Mission kuanzia mwaka 1986, katika eneo lililojaa magenge ya vijana yaliyokuwa yakiuana. Alizika wengi. Mwaka 1992 ilianzishwa Homeboy Bakery, katika jengo la bekari ya zamani karibu na kanisa, na walioajiriwa walikuwa vijana kutoka magenge hasimu. Waliowindana kwa bunduki waliwekwa meza moja kukanda unga. Mwaka 1999 bekari iliungua. Ikaanzishwa tena, na leo ni sehemu ya shirika kubwa lenye shughuli nyingi. Hawakungojwa wapendane kwanza ndipo wapewe kazi. Kazi ilitangulia, na wengi wao kupatana kulikuja wakiwa na mikono yenye unga.

Tunadhani mkate wenyewe unachangia. Kazi nyingine mtu anaweza kuifanya kivyake na kulaumu mwenzake kwa simu. Mikate ya asubuhi huanza saa nane usiku. Mmoja anapima, mwingine anakanda. Donge likiumuka haliwezi kusubiri mtu aliyenuna. Mfuko wa unga wa kilo 50 unataka chumvi karibu kilo moja. Ikisahauliwa, mkate unakuwa chapwa na hamira inakimbia bila breki. Hakuna hotuba itakayoficha hilo saa kumi na mbili mteja wa kwanza akikata kipande. Wapo pia wanaozidisha hamira ili donge lipande haraka. Linapanda kweli, lakini mkate unatoka na matundu makubwa na harufu kali, na kesho yake umekauka. Yale mapatano ya msibani tuliyoanza nayo yalipanda haraka. Ndiyo maana tunawasihi wasiyaingize tanurini usiku ule ule. Miezi mitatu ya kupanga si mingi.

Na katika miezi hiyo waandike. Tunajua pingamizi: "tukiandikiana, tunaonyesha hatuaminiani." Pingamizi hili lina heshima yake, linatoka kwenye utamaduni wetu ambao neno la mtu mzima lilitosha. Lakini lilitosha kwa sababu lilisemwa mbele ya wazee waliolikumbuka. Wao ndio waliokuwa daftari. Siku hizi wazee wako kijijini na bekari iko mjini. Tena mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo hatukuletewa na wanasheria. Kwa wawili hawa kuna sababu ya ziada: kilichowaumiza mara ya kwanza kilikuwa jambo lisilotamkwa. Kuandika ni namna ya kumwambia mwenzako kwamba sitaki kukuwekea moyoni sharti ambalo hulijui.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kutenganisha ujira, kodi na faida. Mwokaji anakesha, hiyo ni kazi, ina ujira. Mwenye fremu angeweza kuipangisha kwa mtu mwingine. Hiyo ni kodi. Tuseme mwezi umeisha, unga, umeme na msaidizi vimelipwa, na zimebaki shilingi 900,000. Ujira wa mwokaji ni 400,000 na kodi ni 200,000. Zimebaki 300,000. Wanaweka 100,000 ya kutengenezea oveni, kwa sababu itaharibika, na 200,000 wanagawana nusu kwa nusu. Mwokaji anakwenda nyumbani na 500,000, mwenzake na 300,000. Kila mmoja anajua kwa nini. Bila karatasi, mwenye fremu angeona anastahili 450,000 kwa kuwa "tuko sawa", na mwokaji angeona anastahili zote isipokuwa kodi kwa kuwa "mimi ndiye ninayeungua mikono". Wangegombana tena wakiwa waaminifu wote wawili.

Waandike pia mambo madogo, kwa sababu hayo ndiyo yanayotafuna: mikate mingapi kila mmoja anaruhusiwa kuchukua nyumbani, ndugu wa nani anapewa kwa mkopo na mpaka kiasi gani, nani anashika daftari na nani analikagua Jumamosi. Jina la biashara wakalisajili BRELA, wote wawili majina yao yawemo. Na wafahamu kwamba katika ubia wa kawaida, usio kampuni yenye ukomo wa dhima, deni la bekari linaweza kumfuata kila mbia hadi kwenye mali yake mwenyewe. Kwa hiyo wenzi wao wa ndoa wahusishwe tangu mwanzo, wasije wakasikia kwa dalali. Kwa bahati, neno "kampuni" lenyewe limetufikia kupitia lugha za Ulaya kutoka Kilatini, *cum* na *panis*, watu wanaokula mkate pamoja. Walimu wetu wa Kilatini watafurahi tumelikumbuka.

Swali la mwisho tuliloulizwa na wenzetu tulipolijadili somo hili darasani lilikuwa gumu: je, bekari ikifa? Mashindano ni makali, bei ya unga hupanda, na wema wa wabia hauzuii hasara. Hofu ni kwamba urafiki utazikwa pamoja na biashara. Tunaona kwamba utazikwa ikiwa ulikuwa wa manufaa tu, kwa kuwa manufaa yamekwisha. Lakini miezi ya kukesha pamoja, ya kusema ukweli juu ya hesabu na ya kuvumiliana hasira za alfajiri, ndiyo chumvi ile aliyoisema Aristotle, na hiyo haiuzwi pamoja na vyombo. Ili isimwagike siku ya kufunga, utaratibu wa kufunga uandikwe siku ya kufungua, wakiwa bado wanacheka. Fremu inabaki kwa mwenyewe. Madeni ya wateja yanagawanywa kama yalivyo kwenye daftari. Kuhusu oveni, tunapendekeza ithaminiwe na fundi asiyejuana na yeyote kati yao, na atakayebaki nayo amlipe mwenzake nusu ya thamani hiyo kwa awamu zenye tarehe.